Wenye Ngao, Wenye Ngolo na Watu wa Ziwani

Novemba 1835 jua lilipatwa mchana, na Zwangendaba Jere alikuwa akivusha watu wake, Wangoni, mto Zambezi. Wangoni hawakuandika tarehe, lakini giza lile halikusahaulika kwao, na ndilo lililowawezesha wanahistoria kuipata siku yenyewe. Nyuma yao walikuwa wameacha vita vya Shaka huko Afrika Kusini. Mbele ilikuwapo nchi wasiyoijua, na mtaji wao ulikuwa mmoja: jeshi lililopangwa kwa marika, lenye mkuki mfupi wa kuchomea karibu na ngao ya ngozi ya ng'ombe.

Mtaji huo uliwafikisha mbali. Zwangendaba alifia Ufipa miaka ya 1840, watu wake wakagawanyika, na kundi moja chini ya Zulu Gama na Mbonani Tawete likashuka hadi nchi ambayo leo ni Songea. Huko liliwakuta Wangoni wengine, Wamaseko, waliokuwa wametangulia kwa njia nyingine. Makundi hayo mawili ya wageni yakapigana, Wamaseko wakafukuzwa wakarudi upande wa Malawi ya leo, na washindi wakasimamisha falme mbili, Njelu na Mshope. Mwaka 1882 mashujaa wao walifika hadi Masasi na kuivamia misheni ya Waanglikana, mwendo wa siku nyingi kutoka nyumbani kwao.

Anayesafiri leo kutoka Songea hadi Mbinga, kisha akateremka Mbamba Bay, hupita katikati ya vizazi vya watu wa enzi hiyo: waliokuja na ngao, waliowakimbia wakapanda mlimani, na waliowakimbia wakaingia majini. Karne iliyofuata iliwapindulia hesabu. Wajukuu wa waliokimbilia mlimani ndio waliopata kahawa. Wajukuu wa wenye ngao wakapanda malori kwenda kukata mkonge Tanga. Na watu wa ziwani, ambao hawakupata kahawa wala kuwa na ufalme, walitangulia kupata kalamu.

Tuanze na mlima. Aliyefikiwa na jeshi la Wangoni alikuwa na njia mbili, kumezwa au kukimbia. Waliomezwa walikuwa wengi mno kuliko waliowameza. Vijana wao walipewa ngao, wakaingizwa katika marika, na watoto wao wakazaliwa Wangoni. Ndiyo maana Kingoni kinachosemwa Songea leo kiko karibu na Kimatengo na Kindendeule kuliko Kizulu. Waliokimbia walipanda juu, kwenye nyanda na mabonde ya Litembo, ambako ardhi inainuka kufikia karibu mita 2,000 na miteremko ni mikali kiasi kwamba mlimaji hulima akiwa ameegemea mlima.

Watu wengi juu ya mlima, bila pa kwenda, na mvua ya milimita elfu moja na zaidi kwa mwaka: kwa kawaida hiyo ni habari ya maporomoko na njaa. Wakimbizi hao, yaani Wamatengo, waliijibu kwa ngolo. Mvua zinapokaribia kwisha, mwezi Machi, wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, hata shamba zima likawa miraba yenye upana wa mita moja na nusu hadi mbili hivi. Wanawake huja na majembe, huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia majani pande zote nne. Hubaki shimo katikati na tuta kulizunguka. Maharage hupandwa papo hapo juu ya tuta, na mahindi hufuata mvua mpya zinapoanza. Maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kuteremka na udongo, magugu ya palizi hutupwa humo humo na kuoza, na majani yaliyofukiwa hugeuka mbolea. Kutoka ng'ambo ya bonde, shamba la ngolo huonekana kama sega la nyuki lililolazwa mlimani.

Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto na Chuo Kikuu cha Sokoine walikuja Mbinga kuupima utaratibu huu na wakauandika kwa heshima kubwa. Haukuhitaji mashine wala mbolea ya dukani, na ulikuwa umeishikilia miteremko ile kwa zaidi ya karne moja. Jambo moja lakini lisemwe wazi. Kazi nzito ya ngolo, ile ya jembe, ilikuwa na bado ni ya wanawake. Sifa ya mlima wa Umatengo imejengwa juu ya migongo yao, na fedha ilipokuja, kama tutakavyoona, haikupita sana mikononi mwao.

Huko chini, uso wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi tu juu ya bahari. Joto ni kali, malaria haina msimu, muhogo na mpunga hustawi, na kitoweo ni samaki: dagaa, mbasa, magege. Wanyasa, Wampoto na Wamanda waliokaa kando ya maji walipowaona Wangoni wakiteremka walikimbilia visiwa vya mawe, na wengine walijenga vibanda juu ya nguzo ndani ya ziwa lenyewe. Kukaa kwao majini kukawakutanisha mapema na watu waliokuja kwa maji. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka makao yao kisiwani Likoma miaka ya 1880, wakawa wakilizunguka ziwa kwa meli ndogo, kwanza Charles Janson na baadaye Chauncy Maples, iliyoteremshwa majini 1901. Meli hiyo ilikuwa kanisa, zahanati na darasa la walimu kwa pamoja. Kasisi William Percival Johnson alitumia zaidi ya miaka arobaini akienda kijiji hadi kijiji ufukweni, jicho moja limepofuka. Alifariki 1928 na kaburi lake liko Liuli.

Matunda ya kalamu hiyo yanajulikana na kila msomaji wa historia ya uhuru. Oscar Kambona alizaliwa Kwambe, karibu na Mbamba Bay, mwaka 1928, mtoto wa kasisi Mwafrika wa Kianglikana. Alipita Tabora, akasomea sheria London, akawa katibu mkuu wa TANU na waziri katika serikali ya Nyerere kabla ya kutofautiana naye na kuondoka nchini 1967. Kutoka kijiji cha wavuvi hadi meza kuu ya taifa kwa vizazi viwili: mkoa wenye watawala wa jadi wenye majina makubwa haukuwa na mfano mwingi wa namna hiyo.

Liuli yenyewe ina kisa ambacho hakifai kurukwa. Wajerumani waliipa jina la Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa lililosimama kando ya bandari, ambalo machoni pao lilifanana na sanamu maarufu ya Misri. Wenyeji wana jina lao, Pomonda, na hawakuhitaji Misri kulitambua. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliingia hapo na kuipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, rafiki wa Rhoades wa kunywa naye, alipiga makasia kwenda kumgombeza mwenzake. Hakuwa amepata habari kwamba nchi zao ziko vitani. Magazeti ya London yaliushangilia ushindi huo. Kwa watu wa Liuli ulikuwa mwanzo wa miaka minne ya kubebeshwa mizigo ya wengine.

Turudi kwa wenye ngao. Wajerumani walijenga boma Songea 1897, na siku hiyo uchumi wa Wangoni ulikatika mzizi. Dola iliyoishi kwa kuvamia, kuchukua mateka na kugawa ng'ombe haikuruhusiwa tena kuvamia. Mwaka 1905 Wangoni waliingia Vita vya Majimaji wakiwa na watawala wao, na Februari 27, 1906 Nkosi, yaani mfalme, Mputa Gama alinyongwa Songea pamoja na makumi ya viongozi wengine. Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Nkosi Chabruma wa Mshope alikimbilia Msumbiji na kufia huko. Kisha ikafuata njaa iliyopangwa: maghala yakachomwa, mashamba yakaharibiwa. Makadirio ya juu ya wanahistoria kwa vita vyote, kusini nzima, ni watu 300,000 waliokufa, wengi wao kwa njaa. Wamatengo, ambao walikuwa wamepambana na Wajerumani Litembo mwaka 1902 na kushindwa, kwa sehemu kubwa hawakujiunga. Walikuwa na sababu ndogo sana ya kufa kwa ajili ya ufalme uliowafukuza bondeni. Mashamba yao yakabaki.

Tofauti hiyo ya miaka miwili ya vita ina uzito kuliko sifa zozote za kabila. Mtoto aliyezaliwa Ungoni 1907 alizaliwa katika nchi isiyo na baba, ng'ombe wala mbegu. Wa Litembo alizaliwa juu ya ngolo ya bibi yake.

Kahawa ya arabika ilifika Umatengo miaka ya 1920. Ilipenda kila kitu ambacho wakimbizi walikuwa wamekivumilia: baridi, ukungu, mwinuko. Wamisionari Wabenediktini walikuwa tayari Kigonsera tangu 1899 na Litembo tangu 1914, njia na shule zikiwa zimeanza, na machifu wa ukoo wa Makita waliipigia debe. Mmatengo aliweka mibuni karibu na nyumba na migomba, akaacha ngolo mteremkoni kwa ajili ya chakula. Huo ndio ujanja wenyewe: bei ya kahawa ikianguka, tumbo lina maharage na mahindi. Wangoni walipewa tumbaku ya moshi. Nayo iliuzwa, lakini tumbaku hupandwa upya kila mwaka, hula kuni na kuchosha udongo, na haimwachii mtu mti wa kumrithisha mwanawe.

Mwaka 1936, miaka mitatu tu baada ya KNCU ya Wachagga, wakulima wa tumbaku na kahawa walipata chama chao kikuu cha ushirika, Ngoni-Matengo, maarufu NGOMAT. Jina hilo linafaa kutazamwa vizuri. Waliokuwa maadui miaka hamsini nyuma sasa walikuwa katika kitabu kimoja cha hesabu, wakipima mazao kwa mzani mmoja. Mapato yao hayakuwa sawa. Bei ya kahawa ilipopaa miaka ya 1950, mabati na matofali ya kuchoma yalianza kuonekana Umatengo. Wakati huohuo vijana wa Ungoni na Undendeule walikuwa wakiandikishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wale walioitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa.

P. H. Gulliver, mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, aliandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka 1955, akieleza kuwa kilichowatoa nyumbani ni ukosefu wa fedha, si tamaa ya kutembea. Kijana alihitaji shilingi za kodi, nguo na mahari, na nyumbani hapakuwa na mahali pa kuzipata. Vijana wa ufukweni nao walikuwa na njia yao: wengi walivuka kwenda machimbo ya Rhodesia na Afrika Kusini, wakirudi kusini ambako Zwangendaba alikuwa ametoka mbio.

Katika nchi nyingine mambo haya hulinganishwa kwa tarakimu. Marekani huwauliza raia wake asili ya mababu zao, na kwa hiyo unaweza kuweka wenye asili ya Norwei upande mmoja, wenye asili ya Misri upande wa pili, ukahesabu vipato, nyumba na shahada. Wote wawili huonekana hawajambo, lakini kwa njia zisizofanana hata kidogo. Wanorwei walianza kwenda 1825 kwa jahazi dogo Restauration kutoka Stavanger, watu wa vijijini wasio na ardhi ya kutosha. Sheria ya makazi ya 1862 ikawapa ekari 160 kwa anayekubali kulima, na mwaka huohuo Wadakota wa Minnesota walipigwa vita, kisha wakaondolewa katika ardhi yao. Wamisri walikwenda hasa baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 kufungua mlango kwa wenye taaluma. Walishuka uwanja wa ndege na vyeti vya udaktari, ufamasia na uhandisi mkobani, ingawa wapo waliolazimika kuendesha teksi New York wakati vyeti hivyo vikisubiri kutambuliwa. Ukimlinganisha mjukuu wa Mnorwei na mtoto wa Mmisri bila kutaja ekari na sheria hizo, unachopima hasa ni ukarimu wa mlango walioingilia.

Tanzania haina takwimu za namna hiyo. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Kwa hiyo anayetaka kusema kwamba Mmatengo ni tajiri kwa sababu ni mchapakazi na Mngoni ni maskini kwa sababu alizoea vita, kauli ambayo vilabuni husemwa kwa utani na mara nyingine bila utani, hana jedwali la kumtetea. Ana historia tu, na historia haiko upande wake. Uchapakazi ulikuwapo kila mahali. Kukata mkonge Tanga hakukuwa kazi ya mvivu. Kilichotofautiana ni mwinuko wa ardhi, mwaka wa vita, na zao ambalo serikali na misheni zilipeleka.

Tena hata majina hayasaidii sana. Komba utamkuta Mbinga, utamkuta Songea, utamkuta Lituhi. Wamatengo wenyewe ni mkusanyiko wa koo zilizokimbia kutoka pande nyingi zikakutana mlimani, na mlima ulipojaa, nao wakahama: tangu miaka ya 1960 familia nyingi zilishuka kutoka Litembo kutafuta ardhi mpya ya mashariki, kama Kitanda, zikachukua ngolo yao hadi mahali ambapo mteremko si mkali kiasi cha kuihitaji. Shule za misheni zilichanganya zaidi. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso huko Masasi, alisoma seminari ya Kigonsera kabla ya kwenda Pugu. Hapo darasani waliketi watoto wa pande ambazo mababu zao walivamiana.

Neema ya kahawa haikudumu ilivyotarajiwa. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ulivunjika, na bei ya dunia ikaporomoka. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia sokoni, na MBICU, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga kilichokuwa kikiwakopesha wakulima mbolea na dawa na kukata deni kwenye mauzo, kikafilisika. Mkulima aliyezoea kupata pembejeo mlangoni akajikuta na mibuni iliyozeeka na kutu ya majani, bila mkopo. Ndipo palipoingia magoma.

Magoma ni biashara rahisi kuielewa. Januari au Februari, ada za shule zinadaiwa, chakula kimepungua, kahawa bado ni kijani mtini. Mwenye fedha anakuja, anamkopesha mkulima kwa makubaliano ya kulipwa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei waliyoafikiana siku hiyo ya shida. Mavuno yakifika, gunia ambalo sokoni lingeuzwa kwa bei nzuri tayari si lake. Wengi wa wanaokopa ni wanaume, kwa kuwa mibuni huandikwa kwa majina yao. Mama aliyechimba ngolo na kuchuma kahawa huenda akasikia habari za mkopo siku gunia linapochukuliwa. Hapo ndipo ustawi wa Umatengo unapotakiwa kupimwa, ndani ya nyumba, maana nyumba ya bati nayo inaweza kuwa na mtu asiye na shilingi.

Ufukweni mambo yalikwenda kinyumenyume. Kalamu iliyotangulia iliwatoa vijana, na wengi hawakurudi. Makasisi, walimu na makarani wa Liuli na Mbamba Bay walijenga nyumba Songea, Dar es Salaam na hata ng'ambo. Mbinga ilipokuwa wilaya miaka ya 1970, ziwa lilikuwa mkia wake: barabara ya kushuka ilikuwa ya kona, matope na magari kukwama, na mwenye dagaa wa kuuza mlimani alitegemea hali ya hewa. Wilaya ya Nyasa ilipatikana 2012, makao makuu Mbamba Bay. Lami kutoka Peramiho ilifika Mbinga, kisha kipande cha kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay kikakamilika, na sasa gunia la dagaa na gunia la maharage hupishana njiani kwa saa chache tu. Bandari mpya ya Mbamba Bay nayo ilianza kujengwa, ikilenga mizigo ya Malawi na Msumbiji.

Na Songea, Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama kwenye makumbusho ya Majimaji na kuomba radhi mbele ya kizazi cha Nduna Songea Mbano, ambacho bado kinadai fuvu la babu yao. Maghala yaliyochomwa 1906 hayakuwekwa kwenye hesabu yoyote. Magoma nayo yamepigwa marufuku na viongozi wa serikali mara kadhaa, na bado mikataba yake hufungwa Mbinga kila mwaka kabla kahawa haijaiva.